Kwa Nini Shingo Inawaka Kisha Kunyolewa?

Tazama wanaume wanaotoka kwa kinyozi siku ya Posho kule Mulongwe ao karibu na bandari ya Kalundu. Saa ile wanangaa. Kesho yake, chini ya kola ya shati, ngozi inawaka, vipele vimetoka, na mutu anajikuna hata katikati ya ibada. Watu wanasema, “Ni wembe mubaya.” Pengine ndiyo, wembe butu unakwangua ngozi. Lakini mara nyingi kosa linatoka kwa mukono na kwa haraka.

Inafaa ujue ginsi udevu wetu unavyoota. Hautoki wima kama jani la mahindi. Unajipinda tangu ndani ya ngozi. Kinyozi akivuta ngozi kwa nguvu na kukata chini kabisa, ncha inabaki imechongoka na kuzama ndani. Siku mbili tatu zikipita, inaanza kukua, lakini badala ya kutoka inje inajichoma katika nyama. Wengine inatoka, inajikunja, inarudi kuingia pembeni. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Hata jeshi la Marekani liliona neno hili kwa miaka mingi: askari weusi ndio waliosumbuliwa zaidi, na wengi wao wakapewa ruhusa ya kuacha ndevu fupi. Kwa hiyo usimucheke kijana mwenye vipele na kusema hajui kuoga.

Wazee wetu walitumia wembe mukubwa wa kukunja, ulionolewa juu ya jiwe na kupitishwa juu ya mukanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa. Leo vinyozi wengi wanavunja wembe wa dukani katikati na kuutia katika mupini wa namna ileile. Ginsi ya kuutumia haikubadilika. Kwanza ulainishe ndevu: kitambaa chenye maji ya moto kidogo, dakika tatu hivi, kisha povu nyingi ya sabuni ya kuogea. Sabuni ya kufulia inakausha ngozi. Pitisha vidole shingoni ujue ndevu zinaelekea wapi, maana upande mumoja zinashuka na upande mwingine zinakwenda pembeni. Zifuate. Ulaze wembe, karibu digri 30, usiusimamishe. Vuta ngozi kidogo tu, nenda polepole kwa hatua fupi, usikandamize, na usirudi juu ya pahali palepale mara tatu ili paangaze kama sahani. Ukimaliza, maji ya baridi na vazelini kidogo. Manukato makali yanaongeza moto, ijapokuwa vijana wanayapenda sana. Na ni vizuri kunyoa jioni, ngozi ipumzike usiku kabla ya jasho na vumbi.

Maji nayo. Hapa Uvira kolera tunaijua. Maji ya ziwa ao ya muto uyachemushe kabla ya kupitisha juu ya ngozi yenye kukwanguliwa. Na ninyi mulio ku machimbo, Misisi ao Kamituga, musinawe uso katika karai mulimooshewa zahabu na zebaki. Ile ni sumu.

Sasa neno zito zaidi. Wembe unaochubua ngozi unabeba damu, hata kama macho hayaioni. Ugonjwa wa ini unaoitwa epatiti B, virusi vyake vinaweza kuishi inje ya mwili siku 7 ao zaidi. Ukimwi vilevile unaogopwa kwa wembe wa watu wengi. Kupangusa wembe kwa kitambaa ao kuupitisha haraka juu ya moto hakutoshi. Wembe mupya ni bei ndogo: nunua wako, ufunguliwe mbele ya macho yako, utupwe kisha kazi. Wembe wa kukunja wa kinyozi uoshwe kwa sabuni, kisha uchemke dakika 20 kabla ya mutu mwingine. Kinyozi akikasirika, tafuta mwingine.

Na kuna pahali ambapo hatuthubutu kusema: siku ya kumaliza matanga. Katika jamaa nyingine watoto na wajane wananyolewa vichwa kwa wembe mumoja, kwa mustari. Desturi ya kulia wafu wetu inaweza kubaki. Wembe mumoja usibaki. Mukubwa wa jamaa aagize wembe kwa hesabu ya vichwa, pamoja na sukari na chai.

Tena, mwaka 2023 ilionekana Kamituga namna mupya ya ugonjwa wa mpox, hata Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari tarehe 14 Agosti 2024. Tangu pale, kila kipele usoni kinatisha. Vipele vya wembe vinakaa pale wembe ulipopita, bila homa. Ukiona homa, matezi kuvimba, ao vidonda mikononi na sehemu za siri, nenda kituo cha afya. Wala usinyoe juu ya vidonda, unavitawanya.

Na kama ni vipele vya wembe tu? Weka wembe chini majuma matatu ao mane. Usichokore kwa sindano, utaleta usaha, na kovu gumu linaloweza kubaki. Kisha unyoe kwa mashini, ukiacha ndevu milimetre moja. Mama wa nyumbani akishangaa ndevu hizo, umueleze sababu, umuombe na vazelini yake.