Mchanga Umfaao Samaki Mzika Nyumba

Mtu atokaye Sumbawanga kwenda Kasanga au Kipili hutelemka kutoka nyanda za juu za Ufipa hata akafika Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilo, penye mchanga, yuko samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole, ambaye wataalamu humwita Lamprologus ocellatus. Nyumba yake ni gamba tupu la konokono. Basi mwalimu na wanafunzi wake wakitaka kumfuga katika tangi la kioo, swali la kwanza ni hili: tutandaze nini chini ya maji?

Ili tujibu, sharti tujue desturi zake. Apatapo gamba, huteka mchanga kwa kinywa akautema kando, na kulifukua gamba kwa chini hata likazama. Kisha hulifunika, akiacha mlango tu. Adui akija, huingia ndani mara moja. Jike hutaga mayai humo humo, na watoto hukulia karibu na mlango. Samaki asiyeweza kuzika gamba lake hana ngome wala mahali pa kulelea.

Kwa hiyo changarawe haifai, ingawa yapendeza macho. Mawe yake hayamwenei kinywani, yenye ncha huweza kumjeruhi, na mabaki ya chakula hushuka katikati yake yakaoza. Chagueni mchanga mwembamba, wenye punje zisizozidi milimeta 1. Uchekecheni, usugueni kati ya vidole mwone kama haukwaruzi, kisha uosheni mara nyingi hata maji yatoke safi.

Magamba hayo huweza kufika sentimeta 5. Basi tandazeni mchanga wa kina cha sentimeta 5 hadi 7. Msizidishe mno, maana mchanga mwingi usiofukuliwa hukosa hewa, na humo hutokea gesi yenye harufu ya yai bovu, iliyo sumu kwa samaki.

Tena, dondosheni siki juu ya mchanga kidogo kabla ya kuutia tangini. Ukitoa povu, una chokaa. Kwa samaki wengi wa mito hilo ni kasoro; kwa huyu ni faida, kwani maji ya Tanganyika ni magumu, yenye madini mengi.

Lakini si kila mchimbaji ataka mchanga wa namna moja. Katika Bahari ya Hindi yuko mnyama wa jamii ya kamba, mwenye mikono kama ya vunjajungu, achimbaye shimo refu mchangani. Yeye hana gamba la kuazima. Hugandisha kuta za shimo kwa ute wake. Amfugaye humwekea mchanga wa kina kirefu, uliochanganywa na vipande vya matumbawe, ili kuta zisiporomoke.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Basi msichague mchanga kwa rangi yake. Mtazameni kwanza atakayekaa humo.