Wito wa mahakama: siku 21 za mfanyabiashara

Mfanyabiashara anayepokea wito kutoka Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1999, mara nyingi hukimbilia kwa mdai kuomba wayamalize nje. Si vibaya, ila mazungumzo hayasimamishi siku. Kwa mashauri ya kawaida Tanzania Bara, mdaiwa ana siku 21 tangu kukabidhiwa wito kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Zikipita bila utetezi wala nyongeza ya muda, mdai anaweza kuomba hukumu pasipo upande wa pili kusikilizwa, hata kama nusu ya deni lenyewe ilikwisha kulipwa.

Ndiyo maana wakili hutafutwa siku za mwanzo, si juma la mwisho. Kwanza ihakikishwe kwamba ana leseni hai ya uwakili. Kisha uzoefu: hodari wa kesi za jinai si lazima awe mjuzi wa mikataba, hati za mizigo na dhamana za benki.

Mteja naye asiende mikono mitupu. Mkataba, ankara, stakabadhi, barua pepe, hata ujumbe wa simu, vyote vifike mezani, vikiwamo vile vinavyomuumiza mwenyewe. Wakili aliyefichwa udhaifu wa mteja wake huja kuujua mbele ya jaji, wakati utetezi umekwisha kuwasilishwa.

Malipo yaandikwe, yakionyesha kama ada inakomea kwenye usuluhishi, ambao hutangulia kusikilizwa kwa shauri, au inafika hadi hukumu. Rufaa kwa kawaida huwa na ada yake.