Mwito wa Hatari Usiwe wa Mtu Mmoja

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Titanic ilipogonga mlima wa barafu katika Atlantiki ya Kaskazini, meli ya Californian ilikuwa imesimama jirani kwa sababu ya barafu hiyo hiyo. Mtambo wake wa redio ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni sikio, kwa kuwa mwendesha redio wake pekee alikuwa amezima mtambo dakika chache kabla na kwenda kulala. Mwito ukapokelewa na Carpathia, iliyokuwa umbali wa kilomita zipatazo 107. Ikaenda mbio gizani na kuwaopoa watu zaidi ya 700, lakini wengine wapatao 1,500 walikuwa wameshakufa. Somo la usiku ule halijachakaa: mwito wa hatari lazima umfikie aliye karibu, na aliye karibu awe anasikiliza. Ndiyo maana nashikilia kwamba, hata katika zama hizi za setilaiti, redio ya VHF ndiyo kifaa cha kwanza cha mawasiliano ambacho kila chombo kinapaswa kuwa nacho, iwe meli ya makontena au boti ya mvuvi.

Redio hiyo haina makuu. Ni kisanduku kidogo mbele ya nahodha, chenye kipaza sauti cha mkononi na kitufe chekundu kilichofunikwa kisije kikabonyezwa kwa bahati mbaya. Ukiinua kifuniko na kukishikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, redio hutuma kupitia chaneli ya 70 ujumbe wa kidijitali wenye namba ya chombo ya tarakimu 9 na, ikiwa imeunganishwa na GPS, mahali kilipo. Kengele hulia katika meli zilizo karibu. Kisha nahodha huhamia chaneli ya 16, hutamka "Mayday" mara tatu, akataja jina la chombo, mahali alipo, masaibu yaliyompata na idadi ya watu alio nao. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo urefu wa antena ndio unaoamua yatafika wapi. Antena ya boti ikiwa mita 4 juu ya maji, na ya meli mita 36, husikilizana kwa takriban kilomita 32. Boti mbili za mita 4 kila moja husikilizana kwa kilomita kama 16. Duara hilo laonekana dogo, lakini kila aliyemo ndani yake akiwa na redio iliyowashwa husikia kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema setilaiti imeyapita hayo yote, na hoja yao ina uzito. Setilaiti za Inmarsat, zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, hufikia karibu bahari zote isipokuwa za ncha za dunia, na zile 66 za Iridium, kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, huzifikia hata hizo. Aliye katikati ya Bahari ya Hindi hana budi kuzitegemea, au kutumia redio ya masafa marefu. Lakini mfumo wa kimataifa wa usalama baharini, ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999 na kuustaafisha mwito wa Morse, uliibakiza VHF palepale, na sababu yake ni nzito. Mwito wa setilaiti hutua nchi kavu, katika kituo cha uratibu wa uokoaji kama kile cha Mombasa, nacho huanza kutafuta ni chombo gani kilicho jirani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwito wa VHF humfikia jirani huyo moja kwa moja.

Wengine watasema mvuvi wa leo ana simu ya mkononi, ya nini redio? Mtandao wa simu hufifia kadiri ufuo unavyoachwa nyuma, na hata unaposhika, simu humwita mtu mmoja tu, ambaye huenda amezima yake. Kuhusu gharama, ni kweli redio ni mzigo kwa mwenye dau, na kanuni za kimataifa hazimlazimishi: huzibana meli za abiria na za mizigo za kuanzia ujazo wa tani 300 zinazosafiri kimataifa. Lakini vyombo vinavyotoka pamoja vinaweza kuanza na redio moja ya mkononi isiyoingia maji, iliyonunuliwa kwa mchango wa kikundi. Na anayehofia kwamba chaneli ya 16 itajaa porojo ajibiwe kwa mafunzo: itana hapo, kisha hamieni chaneli nyingine. Mvuvi aliyezimikiwa na injini katika Mkondo wa Pemba hahitaji kujua jina wala namba ya meli inayopita. Anachohitaji ni kuwa na sauti ya kumfikia nahodha wake, na nahodha huyo awe anasikiliza.