Je, Wajua? Watu wa Ziwa na Kiti cha Spika

Je, wajua kwamba reli ilipofika ziwani Desemba 1901, Kisumu ilikuwa Uganda? Mji uliitwa Port Florence wakati huo, na eneo zima lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mpaka ulisogezwa Aprili 1902, na ufuo huu ukaangukia upande uliokuja kuwa Kenya. Usingesogezwa, mbunge wa Kisumu leo angekuwa anaomba nafasi ya kuzungumza kwa Spika wa Kampala. Anaiomba Nairobi, mbele ya kiti chenye kisa chake: tangu Kenya ianze kuwa na Spika, hakuna mtu wa mwambao wa ziwa aliyewahi kuchaguliwa kuwa Spika kamili wa Bunge la Taifa wala wa Seneti. Kuanzia Busia hadi Migori, hakuna hata mmoja. Hata hivyo, ukifuatilia nani alikaa pale, nani alimkalisha na nani alimponza, utakutana na watu wa ziwa kila hatua, na majirani zao pia.

Katika Baraza la Kutunga Sheria lililokutana mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907, gavana James Hayes Sadler mwenyewe ndiye aliyeongoza vikao. Aliyeendesha serikali ndiye aliyeamua nani aseme na nani anyamaze. Mtindo huo ulidumu miaka 41. Spika wa kwanza, William Horne, alikalia kiti mwaka 1948, na miongoni mwa Waafrika wachache waliokuwa mbele yake alikuwamo B. A. Ohanga wa Gem, aliyeteuliwa barazani mwaka 1947, miaka mitatu baada ya Eliud Mathu kufungua njia. Ohanga ndiye aliyekuja kuwa waziri wa kwanza Mwafrika nchini, mwaka 1954. Halafu ukaja uchaguzi wa 1957, wa kwanza ambao Waafrika walipiga kura, na wapiga kura wa Nyanza ya Kati wakamwacha waziri wao, wakampeleka Nairobi Jaramogi Oginga Odinga.

Spika aliyemkuta huko ni Ferdinand Cavendish-Bentinck, mlowezi mkongwe aliyekalia kiti tangu 1955. Ni chini ya uspika wake, mwaka 1958, Jaramogi alipotamka barazani kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu. Wajumbe wazungu walipiga makelele, na baadhi ya Waafrika wenzake wakapata wasiwasi. Miaka miwili baadaye, mazungumzo ya Lancaster House yalipoonyesha kwamba Waafrika watatawala, Spika huyo alijiuzulu kwa hasira na kuunda chama cha kuwatetea walowezi. Mwaka 1961 aligombea Bonde la Ufa dhidi ya Michael Blundell. Wazungu wengi walikuwa upande wake, lakini kura za Waafrika zikamwokoa Blundell. Cavendish-Bentinck alifariki mwaka 1980 akiwa na cheo cha Duke wa Portland, alichorithi uzeeni. Sijui nchi nyingine ambayo Spika alikimbia kiti ili akapigane na uhuru wenyewe.

Huenda hujui pia kwamba bendera ilipopandishwa 1963, aliyeongoza Baraza la Wawakilishi alikuwa bado mlowezi, wakili Humphrey Slade, na aliendelea hadi 1970. Seneti ilikuwa chini ya Timothy Chokwe wa Pwani mpaka ilipovunjwa. Aliyempokea Slade ni Fred Mati wa Kitui, naye alikaa miaka 18. Hajatokea wa kuivunja rekodi hiyo.

Bunge hilo la mwanzo wa enzi ya Mati ndilo lililompokea Mama Grace Onyango, na hapa inafaa tutulie kidogo.

Alikuwa mwalimu, kisha diwani wa Kisumu. Meya Mathias Ondiek alipofariki mwaka 1965, madiwani walimpa yeye mkufu, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza nchini kuwa meya. Watu wengi hukumbuka hilo na kuishia hapo. Wanachosahau ni kazi yenyewe. Meya wa wakati ule alikuwa mwenyekiti wa baraza: ndiye aliyeketi mbele, akasoma ajenda, akamkatiza diwani aliyerefusha maneno, akapima kelele za “ndiyo” na “la” na kutangaza upande ulioshinda. Kwa maneno mengine, alikuwa spika wa mji kabla hajaingia kwenye jengo la Spika. Mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa madiwani wenye ugomvi wa ploti za sokoni hahitaji kuelezwa kwamba hicho ni chuo tosha.

Mwaka wa kuingia Bungeni ulikuwa mchungu. Julai 1969 waziri Tom Mboya aliuawa. Oktoba 25, Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kuu ya mkoa, ile ambayo wenyeji wanaiita Russia hadi leo kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Maneno yakazuka kati yake na Jaramogi, mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa barabarani. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku naye akatiwa kizuizini. Desemba watu wa Kisumu walipiga kura wakiwa bado na matanga, na kura hizo zikampa Mama Grace kiti cha Kisumu Mjini: mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Alikitetea hadi mwaka 1983. Katika miaka hiyo aliingizwa katika orodha ya wanaompokea Spika kiti, akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho kama naibu wa spika wa muda. Alifariki tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na umri wa miaka 98.

Tukiwa katika miaka hiyohiyo ya 70, simama Ahero kwenye nchi tambarare ya Kano na utazame mashariki. Milima unayoiona nyuma ya miwa ya Muhoroni ni ya Tinderet, na mbunge wa Tinderet alikuwa wakili Jean-Marie Seroney. Februari 1975 alichaguliwa naibu wa spika, jambo ambalo halikuwafurahisha wakubwa. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo alikuwa kitini mbunge mwenzake Martin Shikuku aliposema kuna watu wanataka kuliua Bunge jinsi walivyoiua Kanu. Wabunge wa serikali wakaruka juu, wakitaka Shikuku athibitishe. Seroney akajibu kutoka kitini kwamba lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Tarehe 15 polisi waliwachukua wote wawili katika majengo ya Bunge, wakatiwa kizuizini bila kesi. Walitoka Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki. Uamuzi wa hoja ya nidhamu, sentensi moja, ulimgharimu mwenye kiti miaka mitatu na zaidi.

Kisumu ilipata naibu wa spika wake mwenyewe katika Bunge la Nane, 1998 hadi 2002: Joab Omino, mbunge wa Kisumu Mjini Magharibi. Mashabiki wa soka walimjua kwa kazi nyingine, kwani aliwahi kuwa mwenyekiti wa Shirikisho la Soka la Kenya. Aliyezoea kusuluhisha viongozi wa vilabu vya Kenya hatishwi na wabunge.

Sasa njoo 15 Januari 2008. Kisumu ilikuwa bado inanuka moshi, maduka ya barabara ya Oginga Odinga yamechomwa, na Bunge jipya linakutana kwa mara ya kwanza tangu matokeo ya urais yazue vita. Kwa mujibu wa kanuni, Spika ndiye huchaguliwa kwanza, na mpaka apatikane, anayeongoza kikao ni Karani wa Bunge. Samuel Ndindiri, mtumishi wa umma asiye na chama, akajikuta peke yake mbele ya pande mbili zisizosalimiana. Kanuni zilitaka kura ya siri. ODM, chama kilichodai kuibiwa urais, walikuwa wameumwa na nyoka wiki mbili tu zilizopita, hivyo wakadai kura ya wazi. Sauti zilizosikika zaidi katika ubishi huo zilitoka ziwani: James Orengo wa Ugenya na Otieno Kajwang' wa Mbita, mawakili wote wawili. Karani alishikilia kanuni. Basi wabunge wa ODM wakapata njia: kila mmoja aliweka alama yake, akaiinua karatasi hewani wenzake wakaiona, ndipo akaitumbukiza sandukuni. Siri ikabaki kwa wanaoitaka.

Duru ya kwanza na ya pili zilihitaji theluthi mbili, na hakuna aliyezifikia. Duru ya tatu ilitaka wingi wa kawaida tu. Kenneth Marende wa ODM akapata kura 105, Francis ole Kaparo, aliyekuwa amekikalia kiti kwa miaka 15, akapata 101. Kura nne.

Marende ni jirani. Toka Kisumu kwa barabara ya Busia, pita Kisian, panda hadi Maseno ambako ikweta inakata barabara, na kabla hujakolea kwenye safari umefika Luanda na nchi ya Emuhaya, ambako alikuwa mbunge tangu 2002, hadi alipochaguliwa Spika akalazimika kukiachia kiti cha ubunge. Mwaka uliofuata Rais Kibaki alimtaja makamu wake Kalonzo Musyoka kuwa kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni, na Waziri Mkuu Raila Odinga akajitaja mwenyewe. Barua mbili, nafasi moja. Aprili 2009 Marende aliamua kwamba wakubwa hao wakakubaliane waje na jina moja, na wakati wakisubiriwa yeye ataongoza Kamati ya Shughuli za Bunge. Magazeti yalimwita Mfalme Suleimani. Kwa maoni yangu sifa ilizidi kidogo, kwa sababu hakukata chochote. Alichofanya ni kumchukua mtoto akamlee mwenyewe hadi wazazi watulie, na pengine hiyo ndiyo busara.

Uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi ya Marende Emuhaya ulifanyika 11 Juni 2008, siku moja na ule wa Ainamoi kule Kericho. Je, wajua siku hiyo inahusiana vipi na naibu wa spika wa kwanza mwanamke? Siku moja kabla, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kericho kwa ajili ya uchaguzi wa Ainamoi ilianguka upande wa Narok. Ndani alikuwamo waziri Kipkalya Kones, na msaidizi wa waziri Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Septemba mwaka huo dada yake Lorna, mhadhiri Joyce Laboso, alishinda kiti cha Sotik. Machi 2013 wabunge walimchagua kuwa naibu wa spika, na kuanzia hapo haikuwa ajabu tena kumwona mwanamke akiamuru mbunge aketi.

Joyce alikuwa Mkipsigis aliyeolewa Kisumu, katika familia ya Abonyo. Alipogombea ugavana wa Bomet mwaka 2017, wapinzani walimwambia aende akaombe kura kwa wakwe. Wapiga kura wa Bomet hawakusikiliza, akawa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Alifariki 29 Julai 2019, na alizikwa kwa mumewe Fort Ternan, kwenye kona ile ya juu ya kaunti ya Kisumu inayogusana na Kericho.

Nchi tatu zinagawana ziwa hili. Tanzania ilimpata Spika mwanamke, Anne Makinda, mwaka 2010, na Uganda ikamchagua Rebecca Kadaga mwaka 2011. Tanzania ilirudia kwa Tulia Ackson, ambaye Oktoba 2023 alichaguliwa pia rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, katika mkutano uliofanyika Luanda. Luanda ya Angola, jamani, hii ya kwetu karibu na Maseno haina ukumbi. Kenya bado haijamchagua Spika mwanamke.

Ukifungua Hansadi ya Bunge la 13 utaona kwamba desturi ya Mama Grace haijakatika. Peter Kaluma wa Homa Bay Mjini na David Ochieng' wa Ugenya wamo kati ya wale wanaopokezana kiti kama maspika wa muda. Katika orodha hiyohiyo yumo Farah Maalim, ambaye alikuwa naibu wa spika kamili enzi za Marende.

Na hiki kiti kina uzito gani hasa? Kwa Katiba ya 2010, Rais akikosekana na naibu wake naye akakosekana, Spika wa Bunge la Taifa hukaimu urais hadi uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60. Katika kaunti ni vivyo hivyo: gavana na naibu wake wakitoweka kwa pamoja, anayekaimu ni spika wa bunge la kaunti. Kisumu ilipopata bunge lake mwaka 2013, spika wa kwanza alikuwa mwanamke, Ann Adul. Ina maana kwamba gavana wa kwanza, Jack Ranguma, na naibu wake wangekosekana siku moja, funguo za mji aliouongoza Mama Grace mwaka 1965 zingerudi mkononi mwa mwanamke bila kura hata moja kupigwa.