Maana za Neno "Scour"

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema habari za neno moja dogo la Kiingereza, nalo ni "scour", litamkwalo kama "skaua". Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu alipewa kufasiri habari ya polisi waliofanya "scour" katika msitu mzima, wakimtafuta mtoto aliyepotea. Akaandika, "Polisi waliusugua msitu." Wenzake walicheka sana, lakini kamusi yake ndogo haikuwa na maana nyingine.

Maana aliyoijua ni ya jikoni. Sufuria iliyoshika ukoko hutiwa majivu au mchanga, ikasuguliwa kwa nguvu hata ikang'aa. Pasipo kukwaruza hapana "scour". Huko Uffington, Uingereza, pana umbo la farasi juu ya kilima, urefu wake yapata mita 110, lililofanyizwa kwa mifereji iliyojazwa chaki nyeupe, nalo lakadiriwa kuwa na umri wa miaka 3,000. Majani yasipopaliwa, farasi hutoweka. Na kazi ya kumsafisha huitwa kwa neno lili hili. Asili yake ni Kilatini, likapita kwa Wafaransa na Waholanzi kabla ya kufika kwa Waingereza.

"Scour" ya polisi ni neno jingine kabisa. Huenda lilitoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, kwao likiwa ni manyunyu ya dhoruba. Waingereza wakalitumia kwa kwenda mbio huku na huku, kisha kwa kutafuta kila mahali. Maneno haya mawili yamekutana kwa sauti tu, kama kaa la moto na kaa wa pwani. Kwa Kiswahili mtu husakwa, bali mahali hupekuliwa; nasi twapenda zaidi kupekua, kwa maana kuku apekuapo jaani haachi kitu.

Mfugaji naye akiliona neno hili juu ya chupa ya dawa, asidhani ni dawa ya kuoshea ngozi. Kwa mifugo maana yake ni kuhara. Ndama aharaye huishiwa na maji na chumvi mwilini, na asiponyweshwa upesi aweza kufa kwa muda wa siku moja au mbili.

Iko na maana ya wahandisi, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote. Maji ya mto yaendayo kasi huuondoa udongo chini ya nguzo za daraja, kama mtu akombavyo dafu. Juu daraja laonekana zima, na chini ni tupu. Tarehe 5 Aprili 1987, katika jimbo la New York, Marekani, mto Schoharie ulifurika, ukaukomba udongo chini ya nguzo ya daraja la barabara kuu, wala mawe yaliyowekwa kuikinga hayakutosha. Daraja likaanguka pamoja na magari matano, na watu 10 wakafa.

Basi, mkaguzi akiandika ya kuwa ameona "scour" chini ya nguzo, mfasiri na aseme kwamba maji yameukomba udongo. Akisema nguzo zimesuguliwa, mkubwa wake atadhani daraja limesafishwa, naye ataiweka barua katika faili.