Samli ya punjepunje: imechakachuliwa au imepoa polepole?

Umewahi kununua samli Karatu ukaifungua nyumbani, ukakuta ina chengachenga kama uji ulioingia mchanga? Wengi huirudisha: "Mama, hii umechanganya na nini?" Mama wa watu ameibeba kutoka huko juu Ngorongoro, na sasa anashushiwa bei kwa sababu ya zile punje. Kabla hujamlaumu, hebu tuiangalie samli kwa eksirei.

Samli ni mafuta ya maziwa, na mafuta hayo ni mkusanyiko wa molekuli za trigliseridi za aina nyingi sana. Kila moja ina mikia mitatu mirefu. Samli ikiwa moto, mikia inacheza ovyo. Ikipoa, molekuli zinajipanga safu kwa safu, na mpangilio huo ndio tunaouita fuwele. Sasa utamu wa hadithi uko hapa: molekuli zilezile zinaweza kujipanga kwa namna tofauti. Kuna alfa, iliyolegea na isiyodumu. Kuna beta praimu, iliyobanana kiasi. Na kuna beta, iliyobanana zaidi na ngumu kuyeyuka.

Huwezi kuziona kwa macho, lakini eksirei inazitofautisha. Mashine ya maabara yenye bomba la shaba hutoa mionzi ya urefu wa wimbi wa nanomita 0.154. Unaweka samli kidogo kwenye mrija mwembamba wa kioo, unaipasha mpaka nyuzi 60 hivi ili isahau mpangilio wake wa zamani, kisha unaipoza kwa kasi unayotaka huku mionzi ikipita. Mionzi hutawanywa kwa pembe zinazotegemea umbali kati ya molekuli. Mikia iliyoachana kwa nanomita 0.46 ni alama ya beta, nayo hutokea karibu na nyuzi 19 za pembe. Beta praimu huacha alama mbili, 0.42 na 0.38, karibu na nyuzi 21 na 23. Alfa ina moja tu, 0.415. Karibu kabisa na mwale wa katikati, kwenye nyuzi 2 hivi, unasoma unene wa safu zenyewe: nanomita 4 na kuendelea. Kwa kawaida mafuta ya maziwa huishia zaidi kwenye beta praimu.

Lakini punje unayoisikia ulimini ni kubwa mno kuliko hayo yote. Ni lundo la fuwele nyingi zilizoshikana, na ukubwa wake unaamuliwa na kasi ya kupoa. Ikipoa haraka, fuwele huanza mahali pengi kwa wakati mmoja na zote zinabaki ndogo, hivyo samli inakuwa laini. Ikipoa polepole, zinaanza chache, kila moja inapata muda wa kukua.

Watu wengi husema baridi ya ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ndiyo inayoleta punje. Mara nyingi ni kinyume! Kopo dogo lililoachwa nje usiku wa Julai linapoa haraka. Sufuria kubwa iliyofunikwa kando ya jiko ndiyo inayozaa chenga. Na samli inayolegea kwa jua la sokoni mchana, kisha ikaganda tena usiku, huzidi kukwaruza kila siku.

Jaribu mwenyewe, eksirei huhitaji. Yeyusha samli yote mpaka iwe angavu, igawe mara mbili. Nusu iweke kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji baridi, ukikoroga. Nusu nyingine ifunike, uizungushie blanketi mpaka asubuhi. Kama ni samli hiyohiyo na moja imetoka laini, nyingine punje, basi punje peke yake si ushahidi wa kuchakachua.

Ila pia ulaini si cheti cha usafi. Mafuta ya mawese ya mgando nayo yanaweza kuwa laini tu. Kujua kama yamechanganywa kunahitaji kupima ni asidi gani za mafuta zilizomo. Dokezo moja ni asidi ya butiriki, ambayo mafuta ya maziwa yanayo na mawese hayana.