Nani Anamiliki Kinachochakaa? Skuta, Bodaboda na Chakula cha Kuletewa

Muhula uliopita, katika darasa letu la tafsiri hapa Kampala, tuliwapa wanafunzi makala fupi ya Kiingereza kuhusu kampuni za skuta za umeme na za kupeleka chakula majumbani. Karibu wote waliandika kwamba watu wa mjini "hushirikiana skuta". Kisarufi hapana kosa. Kosa limo katika maana, kwani hakuna anayeshirikiana na mwenzake: kampuni ina skuta zake, nawe unazikodi kwa dakika. Tuligundua kwamba tatizo halikuwa msamiati bali kutoelewa jinsi biashara hizi zinavyoendeshwa, na ndiyo sababu ya maelezo haya.

Tuanze na skuta, yaani kile chombo cha magurudumu mawili madogo ambacho mtu hukiendesha akiwa amesimama. Kampuni ya Bird ilianza mwaka 2017 huko Santa Monica, Marekani. Mteja aliifungua skuta kwa simu yake kwa dola 1, kisha akalipa senti 15 kwa kila dakika. Safari ya dakika 20 ilileta dola 4. Lakini skuta ni mali ya kampuni. Ikivunjika, ikiibwa au ikitupwa mtoni, hasara ni ya kampuni. Usiku ilibidi zikusanywe na kutiwa chaji, na waliofanya kazi hiyo walilipwa kuanzia dola 5 kwa skuta moja. Skuta iliyopata mteja mmoja tu kwa siku ilikuwa imeingiza hasara kabla hatujataja matengenezo. Isitoshe, skuta za mwanzo zilikuwa zile zile zilizotengenezwa kwa matumizi ya mtu binafsi, wala si kwa kupokezanwa na watu kumi barabarani. Tena njia ni mali ya mji. Mwezi Aprili 2023 wakazi wa Paris walipiga kura. Waliojitokeza hawakufika asilimia 8, lakini karibu asilimia 90 yao walizikataa skuta za kukodi, na kufikia Septemba zilikuwa zimeondolewa. Desemba mwaka huo huo Bird iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Bodaboda ni kinyume cha hayo. Jina lenyewe, kama tunavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, lilitokana na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia. SafeBoda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014, ilijijenga juu ya programu ya simu, mafunzo ya usalama na kofia za rangi ya machungwa, huku pikipiki zikiwa za madereva. Dereva ndiye anayenunua petroli na tairi. Kampuni huchukua kamisheni. Kwa hiyo kampuni ya namna hii yaweza kukua haraka bila mtaji mkubwa wa vyombo. Udhaifu wake uko kwingine: dereva na abiria wakishazoeana hubadilishana namba za simu, na kuanzia siku hiyo kampuni haipati kitu. Wala si rahisi kuuhamishia mji mwingine. SafeBoda iliingia Nairobi mwaka 2018, ikaondoka mwaka 2020 wakati wa korona.

Mwanafunzi wetu mmoja huendesha bodaboda wakati wa likizo, kwa Bajaj Boxer ya mkopo. Tulimwomba atuandikie hesabu ubaoni. Tuseme nauli ni shilingi 5,000 na kamisheni ni asilimia 15: zinabaki 4,250. Akatoa petroli, akatoa rejesho la mkopo, akapata faida ndogo, akatabasamu. Tukamwuliza breki na tairi ziko wapi. Na pikipiki yenyewe, itakuwa na thamani gani mkopo utakapokwisha? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba pikipiki ya kaka yake ilimaliza mkopo na uhai wake katika mwezi mmoja.

Katika chakula pande ni tatu: mkahawa, dereva na mlaji, na kampuni hujaribu kupata kitu kwa kila mmoja. Huko Marekani, DoorDash ilitangaza mwaka 2021 viwango vitatu vya kamisheni kwa mikahawa: asilimia 15, 25 na 30. Mkahawa wenye faida nyembamba hauwezi kubeba 30 bila kupandisha bei. Na chakula cha bei ndogo hakilipi kabisa. Nani atatoa nauli inayozidi bei ya rolex anayoletewa? Jumia Food ilifunga huduma zake katika nchi zote, Uganda ikiwamo, mwishoni mwa 2023.

Hapa ndipo neno "mshirika", ambalo kampuni hizi hupenda kumwita dereva, linapotakiwa kupimwa. Mshirika hugawana faida na hasara. Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber walioshtaki ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Hispania ilitunga sheria ya wapeleka chakula mwaka huo huo, na Desemba 2024 Glovo, ambayo Kampala tunaijua kwa mikoba yake ya manjano, ilitangaza kwamba itawaajiri madereva wake wa huko Hispania. Tangazo hilo halikuwahusu wa Kampala.

Jirani zetu wa Kigali wamejaribu njia ya kati. Ampersand hutumia pikipiki za umeme ambazo betri zake hubaki mali ya kampuni. Dereva hufika kituoni, huacha iliyokwisha, huchukua iliyojaa na kulipia umeme alioutumia. Betri ni ghali na huchakaa, na hapo angalau uchakavu wake haumwangukii dereva.

Kwa sasa idarani tumekubaliana kutumia "skuta za kukodi kwa dakika" na "mpeleka chakula". Kuhusu "mshirika" tumegawanyika. Wapo wanaosema liachwe kwa kuwa limeshazoeleka, nasi tunaona "dereva" linatosha. Mwenye neno bora alilete ofisi ya walimu kabla ya toleo lijalo.